Vikoi vinane: Mombasa hadi Wagalla kwa reli na basi, Februari 2024

Naandika haya nikiwa nimesharudi Mombasa. Nimeyapanga kwa kufuata daftari langu la vipimo vya nguo, maana ndilo lililokuwa mkobani, pamoja na picha za simu. Baba ameyasikiliza yote kabla sijayatuma. Ameniomba mambo mawili tu, nisiweke uso wake na nisitaje majina ya watu. Nimetii.

Baba ninayemsema ni mume wa mama yangu, aliyenilea tangu nina miaka sita. Kwao ni Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ni Msomali wa ukoo wa Degodia, na Februari 1984 alikuwa miongoni mwa wanaume waliokusanywa na vikosi vya serikali wakapelekwa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, ambako wengi waliuawa. Alipopona alishuka pwani, akaoa pwani, akazeeka pwani. Miaka arobaini hakukanyaga kwao.

Mwezi wa Januari aliingia kibandani kwangu Majengo na jora la kikoi cheupe chenye mistari ya buluu, akalilaza juu ya cherehani. Alitaka vikoi vinane, vishonwe kwa duara kama wavaavyo Wasomali, vile wanavyoviita macawis. Nikamwuliza ni vya nani. "Vya wenzangu tuliolala mstari mmoja." Pale Wagalla waliamriwa wavue nguo, zikarundikwa, zikachomwa moto, na waliokataa kuvua walipigwa risasi. Hilo limo hata katika ushahidi uliotolewa hadharani miaka baadaye, lakini mimi nilikuwa nalisikia kwake mara ya kwanza.

Nikachukua futi, nikamwuliza vipimo. Alinipa kwa kichwa. Mmoja mnene, kiuno chake kama cha mjomba wako. Wawili wembamba, vijana bado. Mmoja mrefu, akisimama hapa kichwa kinagusa bati. Nilivishona kwa siku mbili na sikuzungumza sana na wateja siku hizo.

Jumatano, 7 Februari. Mombasa hadi Nairobi

Tulipanda treni ya saa mbili asubuhi kutoka Miritini. Daraja la pili lilikuwa shilingi 1,500, hadi Desemba 2023 lilikuwa 1,000. Ukitaka kusafiri kata tiketi kwa simu siku kadhaa kabla, na ufike stesheni si chini ya saa nzima mapema, kwa sababu ya ukaguzi. Mizigo inapangwa chini kwa mstari, abiria wanarudishwa nyuma, mbwa anapitishwa kunusa.

Sikuwaza kabla jinsi ukaguzi ule utakavyomwingia Baba. Tulipoambiwa tujipange, alinishika mkono wa baibui akaung'ang'ania kama mtoto. Askari mmoja wa kike, msichana tu, alimwona anatetemeka. Hakuuliza kitu. Alikwenda akaleta kiti cha plastiki, akamkalisha kivulini, akaupitisha mkoba wetu mwenyewe. Kama utasoma haya, dada, Mungu akulipe.

Tulikula mahamri na mbaazi alizotufungia mama. Tsavo ilikuwa kijani mno kwa mwezi wa pili, athari za mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka jana. Saa nane tulikuwa Syokimau, stesheni ya Nairobi, na jioni tulifika mtaa wa Eastleigh kwa binamu yake Baba, nyumba ya vyumba viwili ambayo usiku ule ililala watu kumi na mmoja. Tulipewa kitanda pekee cha nyumba. Nilikataa mara tatu, mara ya tatu mwenye nyumba akakasirika kweli, nikalala.

Alhamisi, 8 Februari. Nairobi

Basi letu lilikuwa la kesho yake. Mimi nilikuwa na pasipoti ya kuchukua Nyayo House, na Baba akasema tutakwenda sote.

Kwa asiyeijua, Nyayo House ni jengo la ghorofa 27 pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Wengi wetu tunalijua kwa foleni za pasipoti. Chini yake, ardhini, kuna vyumba vidogo visivyo na madirisha. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 utawala wa Rais Moi uliukaza mkono wake, na kuanzia 1986, katika msako wa watu wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, waalimu, wanafunzi, mawakili na wakulima waliteremshwa humo. Walivuliwa nguo, sakafu ikajazwa maji, wakanyimwa chakula na usingizi, kisha wakapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa. Juu ya vichwa vyao Wakenya wengine walikuwa wamepanga foleni ya karatasi.

Baada ya KANU, chama cha Moi, kuondoka madarakani vyumba vile vilifunguliwa mwaka 2003, watu wakaviona kwa macho. Julai 2010 Jaji Hannah Okwengu wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki za walalamikaji 21 zilivunjwa, akaagiza walipwe fidia. Tangu hapo manusura wengine nao wamekwenda mahakamani.

Nilipotoka na pasipoti nilimkuta Baba ng'ambo ya barabara, macho yakiwa chini, usawa wa ardhi, si juu kwenye ghorofa. "Hata hawa walivuliwa," akasema. Alikuwa anaijua hadithi ya Nyayo House kwa miaka mingi, nadhani hakuwa amewahi kusimama mbele yake.

Tulirudi kwa miguu kando ya Uhuru Park, nikamwonyesha upande wa Freedom Corner. Mwisho wa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa pale na mwanaharakati Wangari Maathai kudai watoto wao, wakisusia chakula. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, baadhi ya akina mama walivua nguo zao wenyewe mbele ya askari, laana kubwa kuliko zote kwao. Wakahamia kanisa la All Saints na madai yao yaleyale, na watoto wao wengi wakaachiliwa. Mimi fundi wa nguo nilitembea hadi Eastleigh nikiwaza hilo: nguo ileile, mwili uleule, na nani ameivua.

Jioni, kwenye chai, Baba alikumbusha kuwa tarehe 8 Februari 1984 ndiyo siku wakubwa wa usalama walipokutana Wajir, siku mbili kabla ya operesheni ya Wagalla. Mkutano huo uliwakoroga watu wa kaskazini vibaya baadaye. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ya kuchunguza maovu ya serikali zilizopita, iliundwa kwa sheria ya 2008, na mwenyekiti aliyeteuliwa, Balozi Bethuel Kiplagat, alikuwa mmoja wa waliotajwa kuhudhuria. Yeye alikana kuhusika na mauaji. Manusura walipinga, akajitenga Novemba 2010, akarudi 2012. Hebu mtu afikirie: unaandaa moyo wako miaka ishirini na sita useme yaliyokufika, kisha unaanza kwa kubishania kiti cha msikilizaji.

Baba aliandikisha taarifa yake hata hivyo. Tume ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 nchi nzima. Yake ina namba, ameiandika kwenye kadi ndogo iliyo nyuma ya kitambulisho chake.

Ijumaa, 9 Februari. Nairobi hadi Garissa

Mabasi ya Wajir yanaondokea Eastleigh. Nauli yetu ilikuwa shilingi 2,500 kwa mtu hadi Wajir, nikaomba tulale Garissa njiani kwa sababu ya umri wa Baba, wakakubali tumalizie na basi la kesho kwa tiketi ileile. Waulize mapema, si wote wanakubali. Kutoka Nairobi hadi Wajir ni karibu kilomita 700.

Lami ni nzuri hadi Garissa. Thika, Matuu, Mwingi, kisha migomba inakwisha, michongoma inaanza, na joto linapanda kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Baada ya Mwingi sina cha kusimulia, nililala.

Vizuizi vya polisi nina cha kusimulia. Kila kizuizi abiria wote wanashuka na kitambulisho mkononi, wanapita kwa miguu, wanapanda tena. Beba kitambulisho chenyewe, nakala haitoshi. Mimi nilitazamwa mara moja nikapita. Baba, kwenye kizuizi kimoja ambacho sitakitaja, aliulizwa jina la chifu wa kwao, kisha jina la babu yake, kisha alikuwa wapi mwaka gani. Ana miaka sabini na moja. Alijibu yote kwa sauti ya chini, mikono ikiwa mbele, na nikaona kwamba alikuwa ameshakitoa kitambulisho tangu kizuizi kilipokuwa bado mbali. Sheria za hali ya hatari zilikaa kaskazini mashariki hadi 1991, karibu umri wote wa Kenya huru hadi hapo. Tabia ya mwili haifutwi Bungeni.

Garissa tulivuka daraja la Mto Tana jua likizama. Chakula kilikuwa wali na basto, yaani tambi, na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu pembeni, shilingi 400 sahani inayotosha wawili. Ndizi inaliwa pamoja na wali, usiiache ya mwisho kama tunda. Chumba safi cha feni kilikuwa 1,200.

Jumamosi, 10 Februari. Garissa hadi mahali pasipo na jina

Tulikuwa tumepanga siku hii iwe ya Wajir. Tarehe 10 Februari 1984, siku operesheni ilipoanza, ilikuwa Ijumaa.

Baada ya Modogashe njia ilikuwa imekatwakatwa na mafuriko, madereva wakijichagulia njia zao ndani ya vichaka. Saa tisa alasiri springi za nyuma zilikatika, basi likalala ubavu mmoja kama ngamia aliyegoma. Utingo alipanda lori lililopita kwenda kutafuta vipuri. Sisi tukabaki abiria arobaini na kitu, kivuli cha basi na cha migunga miwili.

Niliogopa kwa ajili ya Baba. Watu kukaa jangwani juani bila hakika ya maji, kama kule Wagalla, tarehe ile hasa. Nilimpa chupa, akaipitisha kwa mwanamke mwenye mtoto. Nikampa ya pili, akaipitisha. Ya tatu nilimshikia mwenyewe mdomoni.

Kabla ya magharibi alitokea msichana wa miaka kumi na miwili hivi, nyuma yake mama yake na punda. Waliona basi kutoka mbali. Walileta maziwa ya ngamia kwenye vibuyu viwili na maji kwenye dumu, wakagawa kwa kikombe kimoja, wazee kwanza. Maziwa yale yana harufu ya moshi kwa sababu chombo kinafukizwa, na yanakata kiu kuliko maji. Tulichanga pesa, mama akazikataa. Kondakta akambembeleza kwa Kisomali, akachukua shilingi mia mbili za sukari tu. Tulilala ndani ya basi madirisha wazi. Usiku Baba aliamka mara nyingi. Mara moja nilimsikia anahesabu kwa Kisomali hadi nane, anaanza tena.

Kwa atakayepita njia hii: maji lita tano kwa kila mtu, hata kama basi ni jipya. Na uulize hali ya usalama na ya barabara asubuhi ya kuondoka, si wiki moja kabla.

Jumapili, 11 Februari. Kuingia Wajir

Vipuri vilifika alfajiri. Habaswein tulikunywa chai, na saa nane mchana tukaingia Wajir.

Nilidhani Baba atalia. Aliinama akachota mchanga akaunusa, akasema mji umekua. Punda wamejaa mikokoteni ya madumu, nyumba za mawe meupe, makorongo makubwa yamesimama juu ya kuta kama wazee wa mtaa. Wajir ni mji wa visima, maji yako karibu na yana chumvi kidogo. Dada yake alitupokea kwa nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaushwa vipande vidogo ikahifadhiwa kwa mafuta, pamoja na anjera na chai. Nyumba ilijaa hadi usiku. Watu walimwita adeer, ami, watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipoondoka.

Jumatatu, 12 Februari. Wajir mjini

Baba alipumzika. Mimi nilichukuliwa na wifi zangu hadi Bulla Jogoo, mtaa ambao nyumba zake zilichomwa katika operesheni ile. Nilikaa na bibi mmoja mkekani. Alikuwa na miaka thelathini wakati huo, ana watoto. Anasema wanaume walitolewa ndani wakapakiwa, na wanawake waliobaki nao yakawafika, "yale ambayo nilimwambia mume wangu miaka kumi baadaye." Siku za baadaye wanawake walifuata alama za magurudumu porini kutafuta waliotupwa, wengine hai.

Alimtaja Annalena. Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, aliwaokota majeruhi na kusaidia kuzika, na yeye na wengine wakahakikisha habari inafika nje. Aliondoshwa nchini. Oktoba 2003 aliuawa kwa risasi huko Borama, Somaliland, akiwa bado anatibu wagonjwa. Bibi yule alinionyesha kwa mkono jinsi Annalena alivyofunika maiti, anavuta kitambaa kutoka miguuni kwenda juu, anakikunja shingoni. Nimeshona miaka kumi na tisa, najua mkono uliozoea kitambaa. Ule ulikuwa umezoea.

Kuhusu hesabu ya waliokufa, niieleze hapa kwa sababu ndiyo iliyonileta. Serikali ilisema kwanza waliokufa ni 57. Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir West, aliinua jambo hili Bungeni mwaka huohuo wa 1984, wakati kusema kulikuwa na gharama. Alikuja kufa katika ajali ya ndege Busia, Januari 2003, akiwa waziri. Mwaka 2000 serikali ikakubali 380. Tume ilikuja Wajir kusikiliza watu Aprili 2011, na ripoti yake, iliyokabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, inasema karibu 1,000, na kwamba huenda ni zaidi. Manusura wenyewe wanasema wanaweza kufika 5,000.

Machi 2015 Rais aliomba radhi Bungeni kwa maovu ya serikali zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya haki na ukarabati wa waathiriwa. Ripoti yenyewe Bunge lilikuwa halijaipitisha nilipoandika haya. Baba hajapata senti, na pale mkekani hakuna aliyesema amepata. Wanaosema manusura wanafuata pesa wangekaa mkekani jioni ile. Pesa ilitajwa mara moja, na bibi mwenye goti bovu. Kilichorudiwa ni majina: nani yuko kwenye orodha, nani hayuko, nani ameandikwa kwa jina la babu yake.

Hapo ndipo shida ya Baba ilipojulikana na wote. Ana majina saba. Wa nane alikuwa mtu wa Griftu, aliletwa usiku, akalala upande wa kushoto kabisa, akafa siku ya tatu. Hakumwuliza jina. "Midomo ilikuwa imeshikana, mwanangu. Hatukuwa na mate ya kuulizana." Wazee walijaribu kukumbuka hadi saa sita usiku. Watu wa Griftu waliokufa ni wengi. Mmoja akatoa namba ya simu ya mzee wa kule.

Jumanne, 13 Februari. Wagalla

Ni kama kilomita 15 kutoka mjini. Tulikodi gari dogo, probox. Dereva alipojua tunakwenda kufanya nini, alichukua shilingi 1,000 za mafuta basi, akazima redio bila kuambiwa. Mtu akitaka kwenda, aende na mwenyeji na aombe ruhusa ya wazee. Hapa ni makaburi. Usipige picha za watu bila kuuliza, na usipige kabisa karibu na askari.

Baba alitaka dumu la lita ishirini la maji. Dereva alimwambia maji yapo kule. Baba akasema hawezi kwenda Wagalla bila maji, na dumu likapakiwa. Alikuja nasi pia mtoto wa yule mnene, ambaye mama yake alikuwa mjamzito Februari ile. Sasa ana miaka thelathini na tisa, na si mnene.

Kiwanja ni mchanga mgumu mrefu, vichaka vimeanza kukiingia pembeni. Sikuona kitu pale kinachokuambia chochote. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo zito, nikaona mbuzi. Baba alitembea urefu wote polepole, akarudi, akatembea tena. Alikuwa anatafuta mahali penyewe, na hakupapata. Alama aliyoishika miaka arobaini ni mti, na mti haupo. Mwishowe alisimama tu penye mgunga mdogo akasema, "Hapa."

Akatoa vikoi mkobani, akavitandaza chini kimoja kimoja, kwa utaratibu waliokuwa wamelala. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. Kila kimoja alikinyoosha pembe, akaweka kijiwe upepo usikichukue. Viwili vya vijana wembamba, cha mrefu, kisha akaruka nafasi ya kikoi kimoja, akaendelea na cha mnene na vingine. Nafasi ile aliiacha wazi. Nilielewa nilipohesabu.

Alisimama kichwani mwa kila kimoja, akataja jina, jina la baba, jina la babu. Cha mwisho upande wa kushoto alisema, "Na wa Griftu." Wakaomba dua. Mimi nilikaa kando na wanawake wawili waliokuja kutoka manyatta ya jirani, mmoja akaniwekea mkono begani na hakuuondoa.

Vijana wachunga mbuzi walisogea, watano, wanashangaa. Baba aliwaita akafungua dumu. Alimimina kikombe, akampa wa kwanza, akasubiri amalize kabisa, akasema, "Ongeza." Wa pili hivyohivyo. Walipokwisha watano akawazungushia tena, na walikunywa kwa adabu tu mara ya pili, naona hawakuwa na kiu tena. Aliendelea hivyo hadi dumu likawa jepesi.

Kijana wa yule mnene alipewa kikoi cha baba yake. Alikivaa juu ya suruali, kikamzunguka na kikabaki kitambaa cha mikunjo miwili. Nilitoa futi kwa mazoea, nikataka kumpimia nikipunguze jioni. Akasema kiache hivyo, nijue ukubwa wake.

Kurudi

Vikoi sita tulivitoa Wajir, viwili kwa jamaa waliopatikana na vinne sadaka msikitini. Njia ya kurudi haikuwa na tukio, siku tatu za vumbi na kizuizi. Jumla ya safari nzima kwa watu wawili, chakula na malazi ndani yake, ni shilingi 19,400, na ingekuwa zaidi kama watu wangekubali kulipwa.

Daktari wa macho amemwona Baba tangu turudi, jua la Modogashe lilimsumbua, sasa ni mzima.

Machi, nyongeza

Jumamosi iliyopita simu ililia niko kwenye cherehani. Mzee wa Griftu. Ameuliza nyumba kwa nyumba wiki tatu. Walioletwa kutoka Griftu usiku ule na hawakurudi, waliobaki na mtu wa kuwataja, ni wengi, lakini wenye umri na kimo alichoeleza Baba amewapunguza hadi watatu. Alitaja majina matatu, majina ya baba zao na ya babu zao, polepole, akisubiri niandike.

Baba alinitaka nimsomee. Nikamsomea mara mbili. Nikamwuliza, ni yupi?

"Waandike wote," akasema. Wamo kwenye daftari la vipimo, ukurasa mmoja na vile vinane. Kikoi kimoja kiko kabatini, na jana Baba ameniletea yadi nyingine, nishone viwili.